Askofu wa Mira, mzee wa Kiingereza na shairi la New York: Santa Claus alitoka wapi?

Mwaka 2000 Urusi iliuzawadia mji mdogo wa Demre, kusini mwa Uturuki, sanamu ya shaba ya Mtakatifu Nikolao. Ikasimamishwa karibu na kanisa lake la kale. Mwaka 2005 meya wa Demre akaiondoa kwenye nguzo yake na kuweka sanamu ya plastiki ya mzee mwenye koti jekundu, kwa kuwa huyo ndiye wageni wengi wanayemtambua. Warusi wakalalamika, na baadaye ile ya shaba ikarudishwa karibu na kanisa, ila bila nguzo yake.

Je, sanamu zile mbili zilikuwa za mtu mmoja? Kila Desemba majibu matatu husambazwa kwenye simu zetu. La kwanza linasema Santa Claus ni Mtakatifu Nikolao yuleyule, Waholanzi walimpeleka Marekani naye akabadilisha mavazi njiani. La pili linasema ni tangazo la Coca-Cola. La tatu linasema ni mungu wa kipagani wa Ulaya ya Kaskazini aliyebatizwa kwa hila. La kwanza ni nusu ya kweli, la pili lina chembe tu ya ukweli, na la tatu limesimama juu ya kufanana kwa mambo mawili matatu ambayo hakuna aliyeonyesha jinsi yalivyounganishwa.

Santa hakushuka kutoka kwa babu mmoja. Walikuwako wazee kadhaa waliokaa nchi mbalimbali, kila mmoja na kazi yake, na waliowafunga pamoja ni watu wachache tunaowajua kwa majina, katika mji mmoja, New York, kati ya mwaka 1809 na 1823. Ukitaka kuwatenganisha tena, swali moja husaidia kuliko swali la ndevu au rangi ya koti: mzee huyu anampa nani?

Nikolao mwenyewe

Wasomaji wa Biblia wanaujua mji wake bila kujua kwamba wanaujua. Katika Matendo ya Mitume sura ya 27, Paulo akiwa mfungwa anapelekwa Roma, na jahazi linatia nanga "Mira, mji wa Likia". Mira ndiyo Demre ya leo. Karibu miaka 300 baada ya Paulo, askofu wa mji huo alikuwa Nikolao. Alifariki tarehe 6 Desemba, na mwaka unaotajwa kwa kawaida ni 343.

Zaidi ya hapo tunajua machache sana. Hakuacha andiko lolote, wala hakuna aliyeishi naye ambaye habari zake zimetufikia. Simulizi ya kale kabisa inayomhusu ni ya maofisa watatu wa jeshi waliosingiziwa uhaini wakasubiri kuuawa. Nikolao akamtokea mfalme Konstantino ndotoni, akamwonya, nao wakaachiliwa. Kitabu cha maisha yake kiliandikwa na mtawa aitwaye Mikaeli karne kadhaa baada ya kifo chake, na wakati huo mambo yalikuwa yameshachanganyika: katika Likia hiyohiyo, karne ya sita, alikuwapo Nikolao mwingine, mkuu wa monasteri ya Sioni, na baadhi ya matendo ya huyu yaliandikwa kwenye hesabu ya yule wa kwanza. Tena kuna kisa kinachopendwa sana mitandaoni, kwamba Nikolao alimzaba kofi Ario, padre aliyeshutumiwa kwa uzushi, katika mkutano wa maaskofu uitwao Mtaguso wa Nikea, mwaka 325. Kinaanza kuonekana karibu miaka elfu moja baada ya mtaguso wenyewe. Hakiwezi kutumika kama historia.

Kisa cha mabinti watatu ndicho kinachotuhusu. Mtu mmoja tajiri alifilisika akabaki na mabinti watatu wa kuoza. Katika desturi za Wagiriki na Warumi mali ya ndoa ilitoka kwa familia ya bibi harusi kwenda kwa mume, kinyume kabisa na mahari yetu, kwa hiyo binti asiye na kitu hakuwa na mchumba. Baba alikata tamaa hata akafikiria kuwaingiza mabinti katika ukahaba. Nikolao, ambaye alikuwa kijana aliyerithi mali na bado hajawa askofu, akapata habari. Usiku alipita akatupa dirishani mfuko wa dhahabu, na binti wa kwanza akaolewa. Akarudia kwa wa pili. Mara ya tatu baba alikesha, akatoka mbio, akamshika, akamwangukia miguuni. Nikolao alimtaka jambo moja tu: asimwambie mtu.

Watu wa mbali walipoendelea kukisimulia, dirisha likawa dohani, na dhahabu ikaangukia ndani ya soksi iliyoanikwa karibu na moto. Wachoraji wakampa Nikolao mipira mitatu ya dhahabu mkononi ili atambulike. Mimi naona kwamba katika yote yanayosemwa kuhusu Santa leo, hili la kutoa usiku na kwa siri ndilo pekee lenye mizizi Mira. Ila tuangalie vizuri nani alipewa. Ni jirani aliyeanguka, ambaye binti zake walikuwa karibu kuuzwa. Waliookolewa na ile dhahabu walikuwa wasichana waliokwisha kufikia umri wa kuolewa, na hawakuwa wa nyumba ya Nikolao.

Kutoka bahari ya Likia hadi viatu vya watoto

Nikolao alipendwa kwanza na mabaharia. Mira ilikuwa bandari, na waliopigwa na dhoruba walimwita. Kwa njia za baharini jina lake likaenea Ugiriki, Urusi na Italia. Mwaka 1071 Waturuki wa Seljuk waliwashinda Wabizanti huko Manzikert, na muda si mrefu Likia nayo ikawa katika hatari. Wafanyabiashara wa Italia wakaona nafasi. Mwaka 1087 mabaharia wa mji wa Bari walifika Mira, wakavunja kaburi mbele ya watawa walioliangalia, wakapakia mifupa na kuondoka. Waliingia Bari tarehe 9 Mei. Kwa maneno ya kawaida huo ni wizi, ingawa watu wa Bari waliuita wokovu. Waveneti, yaani watu wa Venice, walifika Mira miaka michache baadaye, wakachukua vipande vilivyobaki.

Mifupa hiyo iko Bari mpaka leo, chini ya Basilika la San Nicola. Katika miaka ya 1950, jengo lilipokarabatiwa, profesa Luigi Martino aliipima. Vipimo vyake ndivyo vilivyotumiwa baadaye na wataalamu wa Uingereza kuunda sura kwa kompyuta: mzee wa Mediterania, kidevu kipana, pua iliyowahi kuvunjika.

Basilika la Bari lilivuta mahujaji kutoka Ulaya nzima, na Nikolao akawa mtakatifu wa kila mtu, kuanzia mabaharia, wafanyabiashara na wanafunzi hadi wafungwa. Watoto waliingia kwa mlango wa kutisha. Ulaya Magharibi ilizuka hadithi ya wavulana watatu waliouawa na mwenye bucha, wakatiwa katika pipa la chumvi, naye Nikolao akawafufua. Siku yake, 6 Desemba, ikawa siku ya watoto. Usiku wa kuamkia wanaweka kiatu, asubuhi wanakuta tofaa, njugu au biskuti. Mtoto mtundu alitishiwa fimbo, na Nikolao akapewa wasaidizi wa kuogofya. Katika milima ya Austria anafuatana na Krampus mwenye pembe na minyororo.

Matengenezo ya Kanisa ya karne ya 16 yaliitikisa siku hiyo. Martin Luther na wenzake hawakutaka watakatifu wasimame kati ya mtu na Kristo, kwa hiyo katika sehemu nyingi za Ujerumani zawadi zilihamishiwa mkesha wa Krismasi, na mtoaji akawa Mtoto Kristo. Hapa ndipo tarehe ilipobadilika, na ilibadilika karne tatu kabla ya Santa kuwapo. Uholanzi, pamoja na kufuata Uprotestanti mkali wa Kikalvini, haikumwachia Nikolao. Miji kadhaa ilipiga marufuku maduka ya peremende na vinyago vya siku yake, lakini watu waliendelea. Mchoraji Jan Steen, katika miaka ya 1660, alichora nyumba ya Kiholanzi asubuhi ya sikukuu hiyo: msichana amekumbatia zawadi zake, kaka yake analia kwa kuwa kiatu chake kimetiwa fimbo. Picha hiyo iko Rijksmuseum, Amsterdam.

Mzee wa Kiingereza asiye na zawadi

Sasa tumweke Nikolao kando, maana Father Christmas wa Uingereza hakuwa na uhusiano naye hata kidogo. Kuwachanganya hawa wawili ndiko kunakoharibu makala nyingi.

Father Christmas alikuwa sikukuu yenyewe iliyopewa umbo la mtu. Wimbo wa karne ya 15 tayari unamkaribisha mheshimiwa anayeitwa Krismasi. Mwaka 1616 Ben Jonson alimpandisha jukwaani mbele ya mfalme, mzee mwenye ndevu ndefu, akiwa na watoto wake kumi, na kila mtoto ni desturi moja ya sikukuu. Hakuingia kwa dohani. Hakuwa na soksi wala gunia. Kazi yake ilikuwa kula, kunywa, kucheza na kufungua mlango: mwenye shamba awakaribishe wapangaji wake, maskini wapate nyama na pombe siku kumi na mbili. Zawadi yake ilikuwa karamu, na ilienda kwa watu wazima, hasa wa chini.

Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali, walipoishika Uingereza, Bunge liliifuta Krismasi mwaka 1647. Ng'ambo ya bahari, katika koloni la Massachusetts, kuanzia 1659 hadi 1681 aliyekutwa anasherehekea alitozwa faini ya shilingi tano. Wapinzani wa Wapuritani walimtumia Father Christmas kama ishara yao, mzee aliyefukuzwa nyumbani kwake akizunguka nchi akiuliza nani atampokea. Hata mwaka 1843, Charles Dickens alipotoa hadithi yake ya Krismasi, yule mzuka wa Krismasi ya Sasa aliyechorwa na John Leech ni mtu mkubwa mwenye joho la kijani, amekaa juu ya lundo la vyakula. Huyo ndiye Father Christmas wa kale, na yuko mbali na Santa kama Mombasa na Bukoba.

New York, 1809 hadi 1823

Waholanzi waliianzisha New York kwa jina la New Amsterdam, na Waingereza wakaichukua mwaka 1664. Inasemwa kila mahali kwamba walowezi hao walimleta Sinterklaas, yaani Mtakatifu Nikolao kwa matamshi yao, na kwamba watoto wa Waingereza walilitamka jina hilo likawa Santa Claus. Jina kweli limetoka huko, na magazeti ya New York yanalitaja mwaka 1773. Lakini ushahidi kwamba sikukuu ya Nikolao ilifanyika kwa nguvu katika koloni lile ni mwembamba mno. Lilikuwa koloni la Wakalvini. Kinachoonekana wazi katika karatasi za mwanzo wa karne ya 19 ni watu wenye ukwasi wa New York, wengi wao si Waholanzi, wakimtafuta Nikolao na kumpandisha juu.

Wa kwanza ni John Pintard, mfanyabiashara aliyeanzisha chama cha historia cha New York mwaka 1804. Alipenda sana desturi za kale, na zisipokuwapo alikuwa tayari kuzianzisha. Tarehe 6 Desemba 1810 chama hicho kilifanya karamu ya kwanza ya Mtakatifu Nikolao, na Pintard akaagiza picha ichapishwe. Nikolao yumo akiwa askofu kamili. Pembeni yake kuna msichana mwenye zawadi, mvulana anayelia, na soksi zilizotundikwa karibu na moto.

Wa pili ni Washington Irving. Mwaka mmoja kabla ya karamu ile, tarehe 6 Desemba 1809, alitoa historia ya utani ya New York akijifanya mzee wa Kiholanzi aitwaye Diedrich Knickerbocker. Nikolao anatokea humo mara nyingi. Katika toleo la 1812 Irving aliongeza ndoto ambamo Nikolao anapita juu ya miti akiendesha mkokoteni wake wa zawadi, anavuta kiko, anaweka kidole kando ya pua. Joho la kiaskofu halipo tena, na utakatifu umeanza kuyeyuka. Wasomaji waliochukua utani huo kuwa historia ya kweli hawakuwa wachache, na ndivyo "desturi ya kale ya Kiholanzi" ilivyopata umri.

Kwa nini watu hawa walijisumbua hivyo? New York ya mwaka 1800 ilikuwa na watu takriban 60,000, na mwaka 1820 walikuwa zaidi ya 120,000. Msimu wa Krismasi na Mwaka Mpya ulikuwa wa mitaani: makundi ya vijana na vibarua wasio na kazi wakati wa baridi, ngoma, bunduki, ulevi, na kugonga milango ya matajiri kudai kinywaji na pesa. Ni desturi ileile ya Father Christmas ya kufungua mlango, ila sasa mwenye nyumba hamjui anayegonga, naye anaogopa. Pintard mwenyewe alilalamika katika barua zake kuhusu makelele yaliyomnyima usingizi. Wenye nyumba walihitaji sikukuu ya ndani, iliyofungwa, yenye heshima. Walihitaji mtu wa kupewa ambaye hatavunja kioo asipopewa. Wakawageukia watoto wao wenyewe.

Hapo zawadi iligeuza njia. Kwa Nikolao ilitoka nyumba ya mwenye nacho kwenda kwa jirani aliyeanguka. Kwa Father Christmas ilitoka meza ya mkubwa kwenda kwa mdogo wake. Kwa Santa wa New York inatoka kwa mzazi, inapita kwa mzee wa kufikirika, inarudi kwa mtoto wa nyumba ileile. Historia nyingi za Santa hupita haraka hapa zikikimbilia rangi ya koti. Kwangu mimi hili ndilo badiliko kubwa kuliko mengine yote.

Mwaka 1821 mchapaji William Gilley wa New York alitoa kijitabu cha watoto chenye shairi kuhusu "Santeclaus". Ndimo, kwa kadiri maandishi yanavyoonyesha, mzee huyu anapata kwa mara ya kwanza gari la theluji linalovutwa na kulungu wa nchi za baridi. Kulungu ni mmoja tu. Na anakuja mkesha wa Krismasi badala ya Desemba 6. Bado ameacha fimbo kwa watoto wabaya.

Halafu, tarehe 23 Desemba 1823, gazeti la Troy Sentinel, katika mji ulio kaskazini zaidi kando ya mto Hudson, likachapa shairi lisilo na jina la mwandishi kuhusu ziara ya Mtakatifu Nikolao. Mistari 56 ilitosha kutengeneza Santa. Kulungu wamekuwa wanane, kila mmoja na jina lake. Gari linatua juu ya paa. Mzee anashuka kwa dohani, nguo zake za manyoya zimejaa masizi, mashavu yake mekundu, tumbo linatikisika akicheka, anajaza soksi na kupanda tena. Fimbo haipo. Hakuna mtoto anayeadhibiwa, na msimulizi, baba mwenye nyumba, anaambiwa kwa jicho tu kwamba hana la kuogopa. Ni mgeni anayeingia usiku bila kugonga, naye anakuja kutoa, hadai chochote. Ukikumbuka nani walikuwa wakigonga milango ya New York miaka ile, utaelewa kwa nini shairi hili lilipendwa.

Ajabu ni kwamba Santa huyu ni mdogo mno. Gari lake ni dogo, kulungu ni wadogo, yeye mwenyewe ni kibwengo. Ndiyo maana anapita kwenye dohani bila shida. Na hakuna mstari unaosema nguo zake zilikuwa nyekundu.

Mwandishi alitajwa hadharani mwaka 1837 kuwa Clement Clarke Moore, msomi wa Kiebrania aliyefundisha katika seminari ya Kianglikana na kumiliki eneo la Chelsea, Manhattan. Moore aliliweka shairi katika kitabu chake cha mwaka 1844. Familia ya Henry Livingston, aliyefariki mwaka 1828, imedai kwa muda mrefu kwamba ni lake, na wataalamu bado wanabishana kwa kuchambua mtindo wa maneno. Kwa hoja yetu haibadilishi sana. Mtunzi awe Moore au Livingston, ni mtu wa tabaka la wenye mashamba na nyumba kubwa New York, jimbo ambalo utumwa ulikomeshwa mwaka 1827 tu. Moore mwenyewe alimiliki watumwa. Ulimwengu wa shairi ni ulimwengu wa baba wa nyumba hiyo.

Umbo, anwani na rangi

Kwa miaka 40 kila mchoraji alimchora Santa alivyotaka, mwembamba au mnene, kwa kila rangi. Aliyemtuliza ni Thomas Nast, aliyezaliwa Landau, Ujerumani, mwaka 1840 na kuletwa New York akiwa mtoto. Picha yake ya kwanza maarufu ilitoka katika Harper's Weekly la tarehe 3 Januari 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Santa ametembelea kambi ya jeshi la Kaskazini. Koti lake lina nyota, suruali ina mistari ya bendera, na mkononi ananing'iniza kikaragosi cha Jefferson Davis, rais wa waasi wa Kusini, kamba shingoni. Santa wa kwanza kujulikana kitaifa alikuwa na upande katika vita.

Nast aliendelea kumchora kwa zaidi ya miaka 20. Ni yeye aliyempa karakana ya vinyago, daftari la majina ya watoto, na makazi katika Ncha ya Kaskazini. Hilo la mwisho lilikuja wakati magazeti yamejaa habari za Aktiki, hasa msafara wa John Franklin uliopotea na watu 129 baada ya mwaka 1845. Kibwengo cha Moore pole pole kikakua, hadi mwaka 1881 Nast akachora mzee wa kimo kamili, mnene, amebeba vinyago na kiko. Dohani ikawa tatizo ambalo hakuna aliyelitatua.

Koti jekundu linaonekana katika kadi za Louis Prang, mchapaji wa Boston, katika miaka ya 1880, na kwenye jalada za jarida la Puck mwanzoni mwa karne ya 20. Kampuni ya vinywaji ya White Rock ilimtumia Santa mwekundu katika matangazo ya mwaka 1923. Coca-Cola ilipomwajiri Haddon Sundblom kuchora Santa mwaka 1931, rangi ilikuwa imeshakubalika. Sundblom alichora hadi mwaka 1964, na mchango wake ni wa kweli: uso wa babu wa jirani, ngozi ya mtu halisi, macho yanayomtazama msomaji, na sura ileile moja iliyotawanywa duniani kwa fedha za tangazo. Walimsambaza, lakini hawakumzaa. Kulungu wa tisa, Rudolph, ndiye aliyezaliwa dukani hasa: Robert L. May alimtunga mwaka 1939 kwa ajili ya maduka ya Montgomery Ward, ambayo yaligawa bure nakala milioni 2.4 za kijitabu hicho mwaka huohuo.

Na upagani? Hoja inayorudiwa ni kwamba Odin, mungu wa Waskandinavia, alipanda farasi wa miguu minane aitwaye Sleipnir, na miguu minane ikawa kulungu wanane. Lakini kulungu walianza na mmoja, mwaka 1821, New York, na wanane walikuja miaka miwili baadaye katika shairi la mtu mwingine. Nyingine inadai Santa ni mganga wa Siberia aliyekula uyoga mwekundu wenye madoa meupe. Hiyo inategemea koti jekundu na kulungu, vitu viwili ambavyo tumeshaona viliingia lini na kwa mkono wa nani. Majira ya baridi ya Ulaya yana desturi nyingi za kale kweli, kama vile joulupukki wa Finland, aliyeanza kama mbuzi wa kutisha anayedai chakula nyumba kwa nyumba. Hata yeye alivaa sura ya Santa baadaye, na mlima Korvatunturi ulitangazwa kuwa makazi yake na mtangazaji wa redio Markus Rautio mwaka 1927.

Sinterklaas si mzee kuliko Santa

Wengi hudhani Sinterklaas tunayemwona Uholanzi leo, akishuka kutoka merikebu akitokea Hispania na kupanda farasi mweupe, ndiye wa asili aliyehifadhiwa. Merikebu hiyo ni ya mvuke. Imetoka katika kitabu cha mwalimu wa Amsterdam, Jan Schenkman, cha mwaka 1850, yaani miaka 27 baada ya shairi la Troy. Katika kitabu hichohicho Nikolao anapata mtumishi mweusi. Uholanzi ilikuwa bado inamiliki watumwa Suriname, koloni lake la Amerika Kusini. Iliwaachia huru tarehe 1 Julai 1863. Mtumishi huyo akaja kuitwa Zwarte Piet, na kwa zaidi ya miaka mia moja watu weupe walipaka nyuso rangi nyeusi, midomo rangi nyekundu, wakavaa nywele za kipilipili mbele ya watoto, wakiwemo watoto weusi wa Amsterdam na Rotterdam.

Watetezi walisema ni masizi ya dohani, na kwamba ni desturi ya kale isiyoguswa. Masizi hayakunji nywele, na desturi hiyo ina tarehe ya kuzaliwa. Mwaka 2011 Quinsy Gario na Jerry Afriyie walikamatwa na polisi Dordrecht kwa kuvaa fulana zenye maandishi kwamba Zwarte Piet ni ubaguzi wa rangi. Mwaka 2020 waziri mkuu Mark Rutte, aliyekuwa ameitetea desturi hiyo, alikiri kwamba mawazo yake yamebadilika. Siku hizi gwaride la miji mikubwa lina wasaidizi waliopakwa masizi machache tu mashavuni. Nikolao amebaki palepale.

Kurudi Ulaya, na kufika kwetu

Santa wa Marekani alirudi Uingereza katikati ya karne ya 19 pamoja na soksi na kulungu, na kufikia miaka ya 1880 Father Christmas alikuwa ameichukua kazi yake. Jina likabaki la Kiingereza, kazi ikawa ya New York, na ile karamu ya kufungua mlango ikasahauliwa. Ufaransa ilipokea wimbi jingine baada ya Vita Kuu ya Pili, na baadhi ya mapadre hawakufurahi. Tarehe 23 Desemba 1951, mbele ya kanisa kuu la Dijon, sanamu ya Père Noël, yaani Baba Krismasi wa Wafaransa, ilichomwa moto mbele ya mamia ya watoto kwa kosa la kuipokonya Krismasi dini yake. Kesho yake jioni Père Noël mzima akaonekana juu ya paa la ofisi za mji, mji ambao meya wake, Félix Kir, alikuwa padre. Kanisa Katoliki lenyewe halijamfuta Nikolao, ingawa husemwa hivyo mara kwa mara. Marekebisho ya kalenda ya mwaka 1969 yaliifanya kumbukumbu yake ya 6 Desemba kuwa ya hiari, basi. Waorthodoksi wanamheshimu kama zamani.

Afrika Mashariki na Kati ilimpokea kwa njia mbili, kufuatana na nani alitutawala. Kenya, Uganda na Tanganyika zilipata Father Christmas wa Waingereza, tayari ameshaunganishwa na Santa, na huyo ndiye Baba Krismasi wetu. Kongo, Rwanda na Burundi zilitawaliwa na Wabelgiji, ambao nyumbani kwao wana wazee wawili: Saint Nicolas mwenye kofia ya kiaskofu tarehe 6 Desemba, na Père Noël tarehe 25. Kwa hiyo mtu aliyelelewa katika shule za watawa Lubumbashi anaweza kumkumbuka askofu mwenye peremende, na aliyelelewa Moshi au Mombasa hamjui. Kwa Wakristo wengi wa huku sikukuu ni ibada, safari ya kwenda nyumbani, pilau na nguo mpya, na mtoto anajua gauni lake limenunuliwa na nani. Sahani inayopelekwa kwa jirani, awe Mkristo au Mwislamu, inabebwa mchana na mtoto anayejulikana ni wa nyumba gani. Ndiyo sababu Santa amebaki kwenye maduka makubwa ya Nairobi na Dar es Salaam, akipiga picha na watoto: kazi aliyotungiwa New York, huku majumbani ina wenyewe.